Ameniomba 85,000 anichapie riwaya. Nilipe?

Mwana wa Bombolulu

Asalaam aleikum. Nina mswada wa riwaya, kurasa 164 za A4, nimeuandika miaka mitatu usiku nikitoka kazini (mimi ni karani wa ghala Changamwe). Ni hadithi ya makanga wa matatu anayeokota begi ferini Likoni. Niliutuma kwa barua pepe kwa wachapishaji wawili Nairobi, miezi saba sasa kimya. Juzi nikaelekezwa kwa jamaa mmoja hapa mjini, ana ofisi na kiyoyozi. Anasema ameusoma na ni dhahabu tupu. Anataka 85,000, nipate nakala 300, na mkataba niutie sahihi kabla ya Ijumaa. Nina 60,000 za chama. Nikope zilizobaki? Naomba wenye uzoefu wanijibu, si wa kunicheka.

Bi Kibokoni

Waaleikum salaam mwanangu. Nani akucheke? Mimi nilikuwa papo hapo ulipo, nikalipa.

Kuna mchapishaji, na kuna mpiga chapa. Watu wengi hudhani ni mtu mmoja, na hapo ndipo wanapoliwa. Mchapishaji huweka pesa zake: za mhariri, za mchoraji wa jalada, za kusambaza. Wewe hutoi hata ndururu, na kitabu kikiuzwa akupa mrabaha, yaani fungu lako katika mauzo. Mpiga chapa ni kama fundi cherehani. Wapeleka kitambaa, akushonea, wamlipa, mwaagana. Kazi halali kabisa. Tatizo ni fundi anayejiita mchapishaji: atataka ujira wa kushona, na nguo abaki nayo yeye. Huyo wako wa kiyoyozi, soma mkataba wake utafute neno "hakimiliki", uone imeandikwa inakwenda kwa nani. Kwa sheria ya Kenya hakimiliki ni yako tangu ulipoandika, na hudumu mpaka miaka 50 baada ya wewe kufa. Haiondoki kwako ila utie sahihi. Ndiyo maana ya hiyo Ijumaa.

Nilipostaafu ualimu nilitoa hadithi za watoto, nakala 500, kwa kiinua mgongo changu. Maboksi yalikuja kwa mkokoteni maana gari haliingii kichochoroni kwetu, mjukuu akayasukuma chini ya kitanda. Hakuna aliyeniambia kwamba kuuza nako ni juu yangu. Duka la vitabu lakwambia acha nakala tano, zikiuzwa tutakupigia. Basi ngoja simu. Masika ikaingia, na unyevu wa kwetu waujua. Gundi ikaachia. Mtoto akifungua kitabu katikati, kurasa zammwagikia mapajani kama maganda ya njugu. Zilizokuwa boksi la chini zikaota ukungu. Niliuza 140 hivi, na nyingi katika hizo walinunua mashoga zangu kwa kunionea haya, kila nilipotokea arusini na mkoba mzito.

Sasa hao wa Nairobi. Kimya chao si lazima iwe dharau. Wachapishaji wakubwa wa Kenya hula kwa vitabu vya shule, vile vinavyoidhinishwa na KICD, taasisi ya mitaala, na mtaala ukibadilika riwaya ya mtu asiyejulikana hukaa mkia wa foleni. Lakini nikuulize, uliwatumia faili zima bila barua? Mimi kitabu cha pili nilipeleka muhtasari wa ukurasa mmoja, sura mbili za mwanzo, na barua fupi ya kusema hiki kitasomwa na nani. Walinijibu baada ya miezi kumi na moja. Kutoka kikatoka baada ya miaka miwili tena. Mhariri, binti mdogo tu, aliniondolea sura ya kwanza nzima, ile ya bibi anayesuka ukili barazani, niliyoipenda kuliko zote. Akaandika pembeni: "Hadithi inaanza ukurasa wa 14." Nilimkasirikia wiki mbili, sikupokea simu yake. Halafu nikausomea mswada wajukuu kuanzia ukurasa wa 14, na hakuna hata mmoja aliyeuliza bibi yuko wapi.

Mrabaha wangu ni asilimia 10, hulipwa mara moja kwa mwaka. Wa kwanza ulinifikisha Lamu na kunirudisha. Sitajirika, lakini maboksi silali juu yake.

Na miezi saba si kitu. Muyaka wetu, malenga wa Mombasa, alifariki yapata 1840, diwani ya mashairi yake ikachapishwa 1940.

Fundi wa Mwembe Tayari

Bi Kibokoni umetupiga rungu wapiga chapa, lakini umesema kweli.

Kaka, ukiamua kukitoa kitabu mwenyewe, njoo kwa mpiga chapa kama mteja, usije kama mwandishi wa kuhurumiwa. Uliza karatasi ina uzito wa gramu ngapi kwa mita mraba (80 inatosha kwa riwaya), jalada gramu ngapi, na kitabu kitashonwa uzi au kitapakwa gundi tu. Ile ya bibi ni gundi tena ya bei rahisi, naapa. Nakala 300 si nyingi, wengi watakupigia chapa kwa mashine ya dijitali, kwa hiyo hakuna sababu ya kutopewa nakala moja ya mfano kwanza. Ishike, ikunjue mpaka mgongo ulie, iache dashibodi ya gari mchana kutwa. Usilipe zote kabla ya hapo.

ISBN hutolewa na Maktaba ya Taifa, KNLS, na mwandishi anayejichapishia anaweza kuiomba mwenyewe. Ni tarakimu 13 za kutambulisha kitabu, basi. Mtu akikwambia ndiyo hakimiliki, beba mswada wako uondoke.

Malenga wa Frere Town

Kakangu, kabla hujakopa: ile tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, siku hizi Safal, hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Tuzo ya Jomo Kenyatta ni ya vitabu vilivyokwisha toka, hiyo bado kwako. Mimi nilianzia ukurasa wa mashairi wa Taifa Leo. Hata shilingi sikupata, ila nikiandika barua sasa nina la kutaja.

Mwana wa Bombolulu

Shikamoo Bi Kibokoni, na shukrani nyote. Nimeusoma mkataba leo kwenye matatu. Kifungu cha 9: namkabidhi haki zote, lugha zote, na filamu, daima. Yaani nilipe 85,000 na nimpe na riwaya.

Nikampigia. Nikamwambia kabla sijaja Ijumaa, nikumbushe tu, lile begi lilikuwa na nini ndani? Kimya. Akasema, "Si pesa?" Na begi linafunguliwa ukurasa wa tatu.

Za chama nimezirudisha. Na ni kweli, Nairobi niliwatumia faili tu, bila hata salamu.

Bi Kibokoni

Marahaba mwanangu. Sasa begi lina nini?

Mwana wa Bombolulu

Hilo itabidi usome, bibi. Nikuletee Jumamosi?

Bi Kibokoni

Lete sura mbili na muhtasari. Na kalamu nyekundu ninayo.