Laki mbili na nusu: eabrashi, spreyi ya kopo au brashi ya mkono kwa modeli za ndege?

#1 Mtoto_wa_Sinza
Wakuu, habari za jioni. Mwaka jana shemeji alikuja likizo kutoka Uingereza, akaniletea boksi la Airfix, kampuni ya modeli za plastiki, ndani Spitfire, ndege ya kivita ya zamani, ya 1/72 (yaani ndogo mara 72 kuliko ya kweli), lile linalokuja na gundi, brashi na vikopo vya rangi humohumo. Nikaiunganisha kwa siku tatu, nikaipaka kwa mkono. Ukiitazama kutoka mlangoni inavutia. Ukiishika utadhani imepakwa kwa mswaki: michirizi kila mahali, alama ya dole gumba langu kwenye bawa la kushoto, na kioo cha rubani kimeingia ukungu mweupe kwa ndani, sijui umetoka wapi.

Sasa ugonjwa umeshaniingia. Nina ndege ya pili mezani, na nimetenga laki mbili na nusu kwa mambo ya rangi tu. Niko njia panda: eabrashi (kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa) ya kuanzia na kompresa yake ndogo, au makopo ya spreyi, au nibaki na brashi ila safari hii ninunue brashi za maana na rangi za maana? Kuna jamaa anafunga mzigo Guangzhou Ijumaa, kwa hiyo nina siku nne za kuamua. Nichukue kipi?

#2 msasa600
Mkuu, umeuliza nauli bila kusema unakwenda wapi. Ndege gani hiyo ya pili? Skeli ipi? Unapigia rangi wapi, uani, barazani au chumbani? Hiyo laki mbili na nusu ni pamoja na rangi zenyewe au vifaa peke yake? Jibu hayo kwanza.

Ukungu wa kioo naujua bila kuuona: ulitumia supagluu. Mvuke wake unaganda kwenye plastiki angavu na kuacha weupe. Kioo kibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, ile ya mafundi wa Keko. Ikikauka haionekani, na ikichuruzika unaifuta kwa maji.

#3 Kunguru_wa_Posta
Eabrashi. Sioni cha kujadili.

Chukua ile ambayo kitufe chake unakibonyeza kutoa hewa na kukivuta nyuma kutoa rangi, nozeli (tundu la kutolea rangi) ya 0.3 mm. Presha psi 15 hadi 20 inatosha. Rangi unaichanganya iwe nyepesi kama maziwa. Inatua kama vumbi na mistari ya paneli, ile iliyochongwa kwenye plastiki kuonyesha maungio ya bodi, inabaki ilivyo. Nilitumia brashi mwaka mzima, na zile ndege zote nimezificha juu ya kabati. Kompresa tafuta yenye tangi, maana isiyo na tangi inatoa hewa kwa kudundadunda na rangi inatoka hivyohivyo.

#4 NuruK
Nilijua tu Kunguru atafika na eabrashi yake mfukoni.

Mdogo wangu, Spitfire ya 1/72 ina sentimita kumi na tano na nusu bawa hadi bawa, rula yako ya shule ni ndefu mara mbili yake. Unataka kompresa kwa ajili ya hiyo? Tatizo lako si brashi, ni rangi nzito uliyoipaka mara moja ukitaka ifunike papo hapo. Rangi ya maji ya Vallejo, tone la maji, brashi bapa laini. Koti la kwanza litakuwa baya, litaonekana madoamadoa, utataka kulia. Liache likauke kabisa. La pili unapaka kwa kukatisha mwelekeo wa kwanza. Kwenye la tatu michirizi imeshapotea. Na usirudi nyuma kugusa ulipokwishapita!

Ila rangi za maji za Tamiya usizipake kwa brashi kama ndiyo unaanza. Zina alkoholi ndani, zinakauka haraka, na koti la pili linakokota la kwanza. Kwenye eabrashi ni tamu, hapo namkubalia Kunguru.

#5 Kunguru_wa_Posta
Hatimaye. Piga picha ya skrini hiyo, mkuu.

Na wewe Mtoto, ukinunua Vallejo usije ukaichanganya na spiriti kama watu wanavyofanya kwa Tamiya. Inageuka uji wa mtindi ndani ya nozeli. Niulize mimi.

#6 FundiPuti
Nisikilizeni kidogo. Mimi kazi yangu ni kupiga rangi magari, mtaa wa Gerezani hapa Dar, mwaka wa kumi na moja huu. Bodi inaingia imekunjamana, inatoka unajiona sura. Kwa hiyo nilipoanza mambo ya modeli nikajiambia, hawa watoto wa brashi watanifundisha nini?

Nikapata Mosquito, nayo ndege ya vita ya zamani, ya Tamiya ya 1/48, mgeni mmoja aliyekuwa anahama aliniuzia. Ndege nzuri kuliko zote nilizowahi kushika, vipande vinaingiana vyenyewe. Nilikaa nayo wiki mbili kwa msasa na puti. Nikataka ile ya kuwinda usiku, nyeusi tii. Nikachukua nyeusi ya gari, tina ileile ya siku zote, bunduki ndogo ya rangi ninayotumia kurekebisha mikwaruzo. Bila praima (rangi ya chini ya kushikia), maana niliona plastiki ni safi. Nikapiga koti bichi, la kung'aa, kama mlango wa Noah.

Dakika mbili za kwanza ilikuwa inapendeza jamani. Ya tatu nikaona bawa la kulia limeanza kuwa kama ngozi ya mamba. Tina ya gari inakula plastiki hii, maana plastiki yenyewe ni polistirini, na hata gundi ya modeli inafanya kazi kwa kuiyeyusha. Mistari ya paneli ikafutika. Nikafanya kosa la pili, nikaishika ili niiweke juani. Vidole vikazama. Hadi leo ile ndege ina alama zangu tatu chini ya bawa, polisi wakizitaka ziko tayari.

Hayajaisha. Nikakwangua, nikapiga msasa, nikapiga praima ya kijivu, safari hii makoti makavu ya mbalimbali. Ikashika vizuri. Ila ilikuwa Aprili, masika, asubuhi, mvua imetoka kukatika. Nikapiga nyeusi. Ikakauka imepauka, ina weupe kama mtu aliyetoka kuoga hajajipaka mafuta. Hilo la unyevu kwenye gari nalijua, na bado nililifanya: tina ikiruka kwa haraka inapoza uso wa rangi, unyevu wa hewani unatua juu yake na kunaswa. Dar hapa masika na vuli unapiga rangi ya tina kwa kuomba Mungu.

Jirani yangu akaniambia Mosquito ya ukweli ilikuwa ya mbao. Kumbe ningechonga gogo tu, lingestahimili tina.

Kwa hiyo mleta mada, makopo ya spreyi ya duka la vifaa vya ujenzi achana nayo. Ukilazimika, praima kwanza, makoti mepesi, mchana wa jua kati ya saa sita na saa tisa.

#7 NuruK
"Kama mlango wa Noah" 😂😂 Pole sana fundi.

#8 Mtoto_wa_Sinza
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. FundiPuti pole, umenitisha.

Majibu: ndege ni Boeing 787-8 Dreamliner, boksi la kampuni ya Zvezda, 1/144. Nataka niifanye ya Air Tanzania, yenye twiga mkiani. Nilidhani nimeshasema.

#9 msasa600
Hukusema! Watu wamepoteza jioni nzima kwenye Spitfire.

#10 NuruK
Basi futa yote niliyoandika #4. Ndege ya abiria ni nyeupe na inang'aa. Nyeupe inayong'aa kwa brashi sikushauri, na mimi ndiye mtu wa brashi humu. Kila unywele wa brashi utaonekana.

#11 Kunguru_wa_Posta
Kwa hiyo eabrashi.

#12 FundiPuti
Hapana, kwa hiyo kopo. Nyeupe inayong'aa ndiyo kazi ya kopo, ila kopo la modeli, la Tamiya, siyo lile la kupakia rimu za bajaji. Ile ndege ya 1/144 ina karibu sentimita 40 kwa urefu na 42 bawa hadi bawa. Kwa nozeli ya 0.3 utaipiga mpaka adhana ya alfajiri. Praima ya kijivu chini, nyeupe makoti matatu manne mepesi, la mwisho ndiyo unalilowesha kidogo. Vumbi likitua, msasa namba 2000 kwa maji. Usipige nyeupe juu ya plastiki tupu ukadhani utaokoa kopo.

#13 msasa600
Mnabishana rangi, hamjauliza twiga anatoka wapi. Ndani ya boksi stika zitakuwa za shirika jingine.

#14 Kunguru_wa_Posta
Anachapisha. Karatasi ya stika za maji (unaziloweka ndipo unabandika) ipo ya kuagiza, steshenari yoyote ina printa.

#15 msasa600
Printa ya steshenari haina wino mweupe, kaka. Popote palipo peupe kwenye picha, printa inaacha wazi, na ukiibandika juu ya rangi nyeusi au bluu, weupe unageuka hiyo rangi ya chini. Mkia ule una rangi za bendera. Lazima apange vizuri: ama atumie karatasi nyeupe akate ukingoni kabisa, ama mkia wote aupake mweupe abandike juu yake. Na kama printa ni ya wino wa maji, apulize vanishi kabla ya kuloweka, la sivyo twiga ataogelea.

#16 Kunguru_wa_Posta
Ya leza haihitaji vanishi.

#17 msasa600
Ya leza nayo haina nyeupe. Tunarudi palepale.

#18 Mzee_wa_Upanga
Vijana, ndege ni VC10. Hizo za siku hizi zote zinafanana, mirija miwili na mabawa.

East African Airways walikuwa na Super VC10 tano. Injini nne zote nyuma, mbili kila upande, mkia mrefu umesimama kama mnazi. Nilikuwa mtoto, baba alikuwa anatupeleka uwanja wa ndege Jumapili kuziangalia tu, tunarudi na masikio yanalia. Mwaka 1977 shirika likafa, Air Tanzania ikaanzishwa mwaka huohuo. Jumapili zile hazikurudi tena.

#19 NuruK
Shikamoo mzee. Modeli yake ipo. Airfix waliitoa 1/144 zamani, na Roden wa Ukraine nao wana Super VC10 ya 1/144. Inakuwa na sentimita 36 hivi, fupi kidogo kuliko hiyo Dreamliner.

#20 Mzee_wa_Upanga
Marahaba binti. Yenye rangi za East African?

#21 msasa600
Mzee, angalia kwanza stika zilizomo kwenye boksi, usije ukaingia kwenye shida ya stika kama mwenzio.

#22 Kunguru_wa_Posta
Kwa heshima zote mzee, VC10 ilikuwa inakunywa mafuta. Dreamliner ndiyo inayoendesha biashara.

#23 Mzee_wa_Upanga
Kijana, nimezungumzia uzuri. Habari za mafuta waachie wahasibu.

#24 msasa600
Mtoto_wa_Sinza, swali langu moja bado hujalijibu tangu juzi. Unapigia wapi?

#25 Mtoto_wa_Sinza
Chumba na sebule, ghorofa ya tatu. Kibaraza hakuna. Tuna mtoto wa miezi minane. Mama yake alishalalamikia harufu ya gundi peke yake.

#26 FundiPuti
Sasa hilo ndilo lilitakiwa kuwa mstari wa kwanza! Kopo ndani ya nyumba yenye kichanga? Hapana. Hata dirisha likiwa wazi, hapana. Naondoa kura yangu.

#27 NuruK
Na enameli na tina zake pia zitoke. Umebaki na rangi za maji tu.

#28 Kunguru_wa_Posta
Kwa hiyo, kwa mara ya tatu, eabrashi na rangi za maji. Tengeneza boksi lenye feni linalotoa hewa dirishani, vaa barakoa, piga rangi wakati mtoto yuko kwa bibi yake. Na usisahau kikombe cha kunasia maji kwenye mpira wa hewa. Kwa unyevu wa Dar, tangi linatengeneza maji lenyewe, halafu linakutemea juu ya nyeupe yako dakika ya mwisho.

#29 msasa600
Hiyo hoja ya maji ni kweli tupu. Ila jumlisha: kompresa yenye tangi, eabrashi, kikombe cha maji, feni, rangi, praima, vanishi, na usafiri. Laki mbili na nusu itaishia kwenye kompresa. Ndiyo maana niliuliza kama rangi zimo.

#30 FundiPuti
Mimi naona alete Gerezani. Jumamosi mchana gereji inakuwa tulivu. Nampigia nyeupe kwa soda mbili.

#31 Mtoto_wa_Sinza
Nashukuru sana kaka, ila nimesoma #6 mara mbili.

#32 FundiPuti
Hahaha. Nilikuwa mgeni wa plastiki wakati ule! Njoo na kipande cha fremu tu kwanza, ile plastiki inayoshikilia vipande kwenye boksi, tujaribu juu yake. Kikiyeyuka, ndege yako iko salama nyumbani.

#33 NuruK
Hilo kwa kweli ni wazo la maana. Na usilifanye masika.

#34 Mtoto_wa_Sinza
Mrejesho wa Ijumaa: yule jamaa wa mzigo amesema makopo ya spreyi hayapandi ndege, yanahesabika vitu vya kuwaka, labda meli. Kompresa anaweza kuleta ila bei ya kilo imenifanya nikae chini. Nimeagiza Vallejo nyeupe, kijivu na brashi mbili bapa ili nisitoke mikono mitupu. Mwili wa ndege nimeshaunganisha, bado mkia. Jumamosi huenda nikapita Gerezani na kipande cha fremu, sijaahidi.

#35 Kunguru_wa_Posta
Brashi. Kwa Dreamliner nyeupe. Nimejitoa kwenye uzi huu.

#36 Mzee_wa_Upanga
Binti Nuru, hiyo ya Roden wanauza shilingi ngapi? Na gundi lazima iwe ile ya kunuka?