Raba ya mlango wa mizigo imechanika: nipake gundi au niandike kasoro?

Kijana_wa_Hanga: Wakuu, shikamooni. Niko mafunzoni, matengenezo ya ndege. Kwenye ukaguzi nimekuta raba ya mlango wa mizigo wa tumboni imechanika kwa chini, pale kizingitini makontena yanapopita. Kiongozi wa shifti anasema ndege inashika presha vizuri, nipake silikoni tuendelee. Ila mwongozo unaitaja raba hiyo kwenye masuala ya moto pia. Vinahusianaje?

Spana13: Marahaba. Presha ni nusu tu ya kazi yake. Moto ukizuka mle kwenye chumba cha mizigo hakuna wa kwenda kuuzima. Rubani anabonyeza, haloni (gesi ya kuzimia moto) ya kwanza inamwagika kwa mkupuo, inafika walau 5% ya hewa ya chumba na kuua miali. Baada ya hapo moto huwa bado unafukuta, kwa hiyo chupa nyingine inatoa gesi taratibu ili isishuke chini ya 3% hadi mtue. Juu ya bahari hilo laweza kuchukua saa kadhaa. Sasa angani presha ya nje ni ndogo: penye mwanya hewa inatoka, na haloni inatoka nayo. Halafu haloni hiyo, aina ya 1301, ni nzito kuliko hewa karibu mara 5, hutuama chini. Huko huko kwenye mchaniko wako.

MzeeWaRiveti: Someni ajali ya ndege ya abiria ya Marekani, ValuJet 592, Mei 11, 1996, walikufa watu 110. Chumba chake cha mizigo kilitegemea kubana tu, moto ukose oksijeni ufe. Kumbe mzigo wenyewe ulikuwa jenereta za oksijeni! Mwaka 1998 Marekani ikaagiza vyumba vya aina ile kwenye ndege za abiria viwekewe vitambuzi vya moshi na vizimamoto. Lakini kizimamoto nacho hakina maana chumba kikivuja.

Torki: Tusimtishe kijana, si kila mkwaruzo unalaza ndege. Mwongozo wa ndege hiyo unataja ukomo wa uharibifu, pima, linganisha. Silikoni ya kujipakia usiguse kama mwongozo hauiruhusu: ikikauka raba inakakamaa, na inaweza kuziba vile vitundu. Raba nyingi za milango zina vitundu upande wa ndani, presha ya kabini inaingia humo, raba inavimba na kubana. Nimewahi kuona imefungwa kinyumenyume, vitundu vinatazama nje! Angalia pia michirizi ya uchafu kwenye bodi nje ya mlango, hapo ndipo inapovuja. Grisi na mafuta ya haidroliki weka mbali. Kusafisha, tumia kile mwongozo unachotaja tu.

Kijana_wa_Hanga: Vitundu viko sawa, ila mchaniko umepita ukomo na raba mpya haipo stoo. Iruke bila mzigo?

Spana13: Hilo si la kwako wala la kiongozi wa shifti kukisia. Andika kasoro kwenye logi, injinia mwenye leseni afungue MEL, yaani orodha ya kasoro ambazo ndege inaruhusiwa kuruka nazo. Kama inaruhusu chumba kikiwa kitupu, itaruka hivyo. Kama haisemi, inasubiri raba.

Torki: Ukiifunga hiyo mpya, kagua na kizingiti chenyewe. Chuma kikiwa na ncha kali, itachanika tena.