Tupeane uzoefu: sindano za kuzuia kutapika, ilikufanyaje na ulijifunza nini?

Mtoa mada

Habari zenu wakuu. Naomba tupeane uzoefu wa hizi sindano za kuzuia kutapika maana ni dawa ambayo mtu unakutana nayo tu siku moja, iwe umelazwa, umetoka oparesheni, una mimba changa inakusumbua au uko kwenye kemo (dawa za saratani), na wengi tukichomwa hata jina hatuulizi, tunachotaka kutapika kuishe basi.

Naanza na yangu. Nilikuwa nimetapika toka usiku mpaka asubuhi, tumboni hamna kitu tena, nikawekewa dripu. Akaja nesi na bomba dogo akalichomeka kwenye kanula, kale kabomba ka plastiki kanakoachwa mshipani, akasukuma yote kwa mara moja. Haikupita muda nikaanza kujisikia vibaya kwa namna ambayo sijawahi, siyo maumivu, ni kama mwili mzima unaambiwa ondoka hapa. Miguu haitulii, nakaa nainuka, nalala nainuka, nikashika plasta ya kanula nataka niing'oe nitoke mbio. Mke wangu ananiuliza una nini nashindwa hata kumweleza, moyoni nasema ndo nachanganyikiwa hivi. Ilidumu kama nusu saa ikapungua taratibu.

Jioni nikamsimulia daktari wa zamu, akaangalia faili akasema ulipewa Plasil, yaani metoklopramaidi, na ikipitia mshipani inatakiwa isukumwe polepole isipungue dakika 3, ukiipeleka ghafla ndo inamletea mtu ule mhangaiko. Akaamua nirudiwe chini ya uangalizi. Safari hii nesi akakaa kabisa pembeni ya kitanda, jicho kwenye saa ya ukutani, kidole gumba hata huoni kama kinasogea, tukapiga stori mpaka ikaisha. Dawa ileile, miligramu 10 zilezile, sikusikia kitu na nililala. Haya karibuni, msione aibu.

Mwezi Mchanga

Pole mkuu. Mdogo wangu yeye ana miaka 17, alichomwa hiyohiyo Plasil ya takoni mara mbili kwa siku moja kisha akaruhusiwa. Usiku tukiwa nyumbani akaanza kusema shingo inavuta, tukajua kalala vibaya. Baadae kidogo shingo ikapinda upande mmoja kabisa, macho yakapanda juu yakagoma kushuka, ulimi unatoka, taya limekaza, anatuelewa kila tunachomwambia ila kuongea hawezi, machozi tu yanamtoka. Sisi tukasema kifafa hicho. Tukamkimbiza, na namshukuru Mungu mama aliondoka na kile kikaratasi cha hospitali, daktari kukisoma tu akasema ni dawa hii, akamchoma sindano ya kuifungua na ndani ya dakika chache shingo ikarudi tukiwa tumesimama hapohapo. Sijawahi kuona kitu kama kile.

Alituambia inawapata zaidi watoto na vijana na mara nyingi ni siku za mwanzo za kutumia. Tukaandikiwa kwenye kadi yake kwa wino mwekundu kwamba asipewe tena, na kila tukienda popote kadi inatangulia.

Mtoa mada

Duh. Hicho cha kuelewa kila kitu ila kuongea huwezi ndo kinatisha. Na hapo umetaja jambo kubwa, kubeba karatasi ya dawa alizopewa. Bila ile karatasi wangeweza kuanza kumtibu kifafa.

kifaurongo

Mimi yangu ni Phenergan, promethazini. Kanula ilikuwa nyuma ya kiganja, kale kamshipa kembamba. Dawa ilipoanza kuingia nikasikia moto, siyo kale kamuwasho ka kawaida, MOTO, unapanda toka kiganjani kwenda kwenye kiwiko. Nikasema sista inaunguza, akaniambia vumilia inaisha sasa hivi. Nikavuta mkono wangu kwa nguvu na nikampigia kelele, sijutii. Kiganja kilivimba na kuwa chekundu wiki nzima, ngozi ikabanduka kidogo lakini nikapona.

Nilipopona nikaanza kusoma ndo nikaogopa vizuri. Kuna mwanamuziki Marekani anaitwa Diana Levine, mwaka 2000 alienda kutibiwa kipandauso, wakampa hiyohiyo ya kichefuchefu kwa kusukuma mshipani, dawa ikaingia kwenye ateri, ule mshipa unaopeleka damu mkononi, mkono ukaoza mpaka ukakatwa. Mpiga gitaa huyo. Kesi ilifika mpaka Mahakama ya Juu na akashinda 2009. Mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya kule ikaagiza onyo kali kabisa liandikwe kwenye dawa, na 2023 wakakazia tena kwamba ni bora ichomwe kwenye msuli kwa kina, na kama lazima ipite mshipani basi ichanganywe na maji ya dripu iende taratibu, isiwe kwenye mishipa ya kiganja. Kwahiyo mtu akikuambia vumilia wakati dawa inaunguza usivumilie. Sema simamisha. Wewe ndo unasikia, yeye hasikii.

nesi_wa_zamu

Nimesoma zote na nitasema ukweli kama mtu wa wodini. Kusukuma haraka kunatokea sana pale wodi imejaa na uko peke yako, dakika 3 kwa mgonjwa mmoja unaziona kama saa zima. Siyo sababu ya kumuumiza mtu lakini ndo inavyokuwa, na mgonjwa akiniuliza dada hii ni dawa gani na inaenda kwa muda gani mimi inanirudisha kwenye akili zangu. Msituogope.

Kitu kingine ni vile vichupa. Ampuli nyingi zinafanana, kioo kilekile, maandishi madogo. Nilishawahi kushika ampuli mkononi nimeshaivunja shingo, ndo nikaisoma tena kwa sauti nikakuta siyo niliyokusudia, ilikaa kwenye trei ya mwenzake. Nilitetemeka. Toka siku ile nasoma mara tatu, nikiichukua, nikiivuta, na kabla ya kumchoma, na jina nalitamka mgonjwa asikie.

Na tuambieni mambo yenu kabla. Kama mzee ana Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, Plasil haimfai, inamkaza zaidi. Kama una shida ya mapigo ya moyo au umetapika siku nyingi madini ya potasiamu yameshuka mwilini, basi ondansetroni, dawa nyingine ya kuzuia kutapika, inahitaji tahadhari maana inaweza kuvuruga umeme wa moyo, ndiyo maana 2012 ile dozi moja kubwa ya miligramu 32 ya mshipani iliondolewa Marekani, sasa kwa mara moja haizidi 16. Mtoto chini ya miaka 2 promethazini hapewi kabisa, inaweza kuzima pumzi. Na Plasil siyo dawa ya kukaa nayo, tunaongelea siku 5 mwisho, na kwa mtu mzima haizidi miligramu 30 kwa siku. Wale wa kujichoma kila wiki muache, ikitumika miezi na miezi inaleta mtikisiko wa mdomo na ulimi ambao unaweza usiondoke hata ukiacha dawa.

upepo_wa_kusi

Sista nakuuliza, mi nikitapika huwa nanunua ampuli na bomba jirani yangu ananichoma, shida iko wapi kama inatulia?

nesi_wa_zamu

Shida ni kwamba inatulia na hujui kilichokuwa kinakutapisha. Kama unatapika kijani kijani, tumbo limejaa na linauma, hata upepo hautoki, huenda utumbo umeziba, na Plasil inausukuma ule utumbo ufanye kazi mahali palipoziba. Hapo ni kujiua. Nenda ukaonwe.

Baba Pacha

Hilo nalithibitisha kwa machozi. Baba yangu alichomwa za kuzuia kutapika siku mbili mtaani, kila akichomwa anapumzika kidogo tunafurahi. Siku ya tatu tumbo limekuwa gumu kama ngoma. Utumbo ulikuwa umejikunja. Alifanyiwa oparesheni usiku na alipona ila daktari alisema siku mbili zile zilitugharimu sehemu ya utumbo iliyokatwa. Sitakaa nisahau jinsi nilivyokuwa namwambia baba tulia sindano itafanya kazi.

Kadi ya Bluu

Niko kwenye kemo mzunguko wa nne. Kabla ya dawa yenyewe napewa ondansetroni na deksamethasoni, zote za kuzuia kutapika. Nitasema jambo ambalo hakuna aliyeniambia na siku ya kwanza nilidhani nimepatwa na laana: deksamethasoni ikisukumwa haraka unasikia kuwasha na kuungua sehemu za siri, ghafla, kama umekalia pilipili. Niliona aibu kusema mbele ya watu nikajikunyata tu natoka jasho. Inaisha kwa dakika chache. Mzunguko wa pili nikamnong'oneza nesi, wala hakucheka, akasema inajulikana hiyo na toka hapo ananiwekea kwenye dripu iende taratibu, hainipati tena. Ningejua, ningesema siku ileile ya kwanza.

Ondansetroni nayo inafunga choo. Mi nilikaa siku tano. Sasa hivi naanza dawa ya kulainisha choo siku ileile ya kemo, nimeandikiwa, na kichwa kikiuma nawaambia.

Mtoa mada

Asante sana kwa kusema, kuna mtu atasoma hapa na hatajikunyata.

Mwanamke_Jasiri

Mi namuuguza mama nyumbani, nilifundishwa na timu ya wauguzi wanaokuja kumwona. Nawapa yangu. Ampuli navunja kwa kipande cha gozi, kile kitambaa cha kufungia vidonda, nikiielekeza mbali na uso, kichwa cha sindano sikirudishii kifuniko, naenda nacho moja kwa moja kwenye kopo gumu la sindano. Dawa mbili sichanganyi kwenye bomba moja mpaka waniruhusu. Na nina daftari, kila nikimchoma naandika dawa, kiasi, saa na upande, maana usiku wa manane ukiwa umechoka unajiuliza hivi nimemchoma au nimeota. Kuna usiku nilikuwa nimeshavuta dawa kwenye bomba, kufungua daftari nakuta nilimchoma saa moja iliyopita.

Ua la Jioni

Jamani nina mimba ya wiki 9, hata maji hayakai, kesho asubuhi nalazwa nichomwe. Nimesoma haya yote naogopa.

kifaurongo

Usiogope mama, wengi wanachomwa na wanapona, dawa hizi zinaokoa. Ukifika waambie kanula iwe kwenye mshipa mkubwa wa mkono, uliza jina la dawa, na ikiunguza tu sema hapohapo.

Mwezi Mchanga

Na shingo au taya likianza kuvuta, hata kama umesharudi nyumbani, rudi na karatasi.

Ua la Jioni

Nimerudi kuwaambia. Nimewekewa dripu mbili na Plasil. Nimemuuliza nesi inaitwaje akanionesha ampuli yenyewe nikasoma. Amesukuma polepole mpaka mkono wake ukachoka akabadilisha. Nimekunywa vijiko vitatu vya maji vimekaa.