Tofali za kuchoma zinakatika nikibomoa nyumba ya zamani, nifanyeje?

Mtu wa Mtwivila: Wakuu, habari za jioni. Nina nyumba ya zamani ya tofali za kuchoma hapa Iringa, naibomoa ili tofali zake nijengee vyumba vya kupangisha. Karibu nusu zinakatika. Fundi analipwa kwa siku, hela inayeyuka, usingizi sipati. Nifanyeje zitoke nzima?

Kipara Ngoto: Ngoja waje wajuzi. Nimevuta kigoda.

Fundi Tindo: Zimejengewa udongo au saruji?

Mtu wa Mtwivila: Udongo. Ila ukuta mmoja ulirudiwa kwa saruji, huko ndiko zinakokatika sana.

Fundi Tindo: Huo usiupigie hesabu. Saruji inashika kuliko tofali yenyewe, vipande vyake shindilia chini ya sakafu. Kwenye udongo anza kozi ya juu, yaani mstari wa tofali wa juu kabisa, tindo ipige kwenye kiungo, usipige tofali, kisha kwangua kwa panga. Zilizotoka nzima gonganisha mbilimbili: inayolia kama chuma imeiva, yenye sauti nzito weka kuta za ndani tu, mvua ikiipata inamumunyuka. Na uziloweshe kabla ya kujenga, kavu inanyonya maji ya saruji.

Mama Kibena: Umenikumbusha marehemu mume wangu. Tulifyatua wenyewe, siku ya kuwasha tanuru mvua ikashuka. Alikesha anahamisha kuni, mimi nina mtoto mgongoni. Siku hizi vijana ni bloku tu.

Jirani Mkorofi: Umesema "nina nyumba". Ni ya nani?

Mtu wa Mtwivila: Ya nyumbani.

Jirani Mkorofi: Nyumbani kwa nani?

Mtu wa Mtwivila: Ya marehemu baba. Mimi ndiye mkubwa, bati nilinunua mimi. Wadogo zangu wako Dar, huku hawakanyagi. Shangazi anakaa chumba cha nyuma, hicho hatujakigusa. Turudi kwenye tofali.

Wakili wa Kijiweni: Mahakama imeteua msimamizi wa mirathi? Kama bado, hizo tofali ni za warithi wote. Weka nyundo chini, kaeni kikao cha ukoo, muhtasari wake upelekeni mahakama ya mwanzo.

Mtu wa Mtwivila: Paa limeshashuka, mvua zinakaribia. Nikisubiri kikao, tofali zitaloa na udongo wake. Vyumba vikiisha shangazi nitampa kimoja bure, nani atalalamika?

Fundi Tindo: Subiri kwanza. Hicho chumba cha nyuma kimeegemea ukuta gani? Mkitoa wa kati bila mirunda, kinamwangukia mama wa watu. Mirathi mtaongea kesho, hili ni la leo usiku.

Kipara Ngoto: Hii ni chai. Mwezi uliopita alifungua uzi yuko Tabata, anadaiwa kodi. Leo ana fundi wa kutwa Iringa! Tupia picha.

Mtu wa Mtwivila: Kudaiwa kodi Tabata ndiyo nikose kwetu? Hiyo kodi ndiyo inanisukuma nijenge. Picha nitatuma, kamera ina ufa.

Kipara Ngoto: Kamera ina ufa, ukuta una ufa, na stori nayo 😂

Mama Kibena: Huyo shangazi amekula leo?

Mtu wa Mtwivila: Yuko kwa jirani tangu juzi. Vumbi lilimbana kifua.

Jirani Mkorofi: Na hili ulikuwa unalificha mpaka lini?

Wa Makambako: Mkuu, hizo zinazolia kama chuma unauzaje? Gari ninalo.