Niache usanifu majengo nihamie usanifu wa ndani? Naombeni ushauri

Mchoraji Kimya:
Wakuu salaam.

Mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo, mwaka wa nne kati ya mitano, chuo kimoja hapa Dar. Nimekwama na usingizi sina.

Fani hii niliingia kwa mapenzi. Mwaka wa kwanza mhadhiri alichukua ramani yangu ya nyumba, akaweka kidole kwenye mlango wa mbele, akasema: "Natoka sokoni, nimebeba gunia la mchele, mvua inanyesha. Nipitishe mpaka stoo." Kidole kikaingia sebuleni, kikazunguka makochi, kikafika koridoni kikagonga mlango wa choo unaofungukia nje, kikakwama hapo. Hakuongeza neno, akahamia meza ya jirani yangu. Toka siku ile siingii nyumba ya mtu bila kuangalia milango inafungukia wapi.

Sasa kadiri miaka inavyokwenda naona raha yangu iko ndani ya nyumba. Mwanga unaingiaje, kabati likae wapi, mama akisimama jikoni anageukia upande gani. Huko kwenye nondo na mihimili moyo haupo kabisa. Nimeulizia, kuhamia usanifu wa ndani inawezekana ila narudishwa nyuma. Na kuna kazi ndogo naifanya pembeni inayonionyesha kuwa riziki yangu iko huko.

Nihame au nikaze? Nawasilisha.

Kiroboto:
Hama mkuu, unachelewa nini? Mji mzima unataka dari la jipsam lenye mawimbi na taa zinazobadilika rangi. Ukikosa wateja utapamba maharusi.

Mama Nuru:
Mwanangu, wazazi wanajua? Maana sisi tunalipa ada huku tumehamia kwenye pagale halina madirisha, ninyi huko mnatafuta "raha". Maliza ulichoanza, raha utaikuta mbele.

Pagale Tangu 2016:
Ushauri sina ila umenikumbusha mbali. Nyumba yangu ya Chanika ramani alinichorea fundi kwa kijiti kwenye mchanga. Tumemaliza, tunaingiza kitanda cha sita kwa sita chumba masta, mlango haufungi. Mke wangu akanipa mambo mawili, tulale mlango wazi kama wodini au kitanda kikatwe. Kilikatwa. Halafu dirisha la jiko linatazamana na shimo la choo la jirani, hilo ni la siku nyingine.

Dada Kipimo:
Kiroboto koma. Nimesoma usanifu wa ndani na dari la jipsam halikuwa hata robo ya tulichofundishwa. Ngazi peke yake ilinitoa jasho: viinuko viwili ukijumlisha na kikanyagio kimoja vije sentimita 60 mpaka 63. Ukikosea, bibi anapanda akihema na mtoto anashuka akijikwaa.

Mleta mada, kama unakimbilia huku ukidhani hakuna nondo, umepotea njia. Sisi tunaingia kwenye nyumba aliyojenga mtu mwingine. Kabla ya kugusa kitu lazima ujue ameficha nini ukutani.

Mirunda:
Mleta mada, hiyo kazi ndogo ya pembeni ni ipi?

Mchoraji Kimya:
Ni mambo ya ndani tu mkuu, napangilia sebule ya mtu. Naomba tubaki kwenye swali la kuhama.

Mama Nuru:
La wazazi hajajibu.

Mirunda:
Kupangilia ni kusogeza makochi au kuna kuvunja?

Mchoraji Kimya:
Kuna kaukuta kanatenganisha sebule na daining. Mwenye nyumba anataka pawe wazi, kama anavyoona kwenye simu. Ni Goba huko. Fundi anaanza Jumamosi.

Mpangaji Mpole:
Samahani, nyumba ina geti la kijani?

Mchoraji Kimya:
Hapana, jeusi.

Mpangaji Mpole:
Asante. Endeleeni.

Mirunda:
Juu ya hako kaukuta kuna nini?

Mchoraji Kimya:
Dari la kawaida.

Mirunda:
Jipsam au zege? Neno moja.

Mchoraji Kimya:
Zege.

Mirunda:
Kwa hiyo ni ghorofa.

Mchoraji Kimya:
Ghorofa moja tu mkuu. Juu kuna wapangaji, ila ukuta ninaousema uko chini.

Kiroboto:
Navuta kiti.

Dada Kipimo:
"Ila ukuta uko chini." Ya Rabi.

Mchoraji Kimya:
Wakuu msinihukumu kabla ya kunisikiliza. Kwanza fundi ni mtu wa siku nyingi kwenye kazi, ameugonga kwa nyundo kasema huu ni wa kugawa vyumba, haujabeba kitu. Pili nguzo zipo kwenye kona, nimeziona kwa macho. Tatu mwenye nyumba ni mtu mzima, yeye ndiye aliyetaka. Halafu nimeshamtengenezea picha za muonekano, ameziweka mpaka kwenye status, ndugu zake wamempongeza. Na malipo ya awali nimeshapokea. Sasa nirudi nimwambie nini?

Mirunda:
Mimi ni mtu wa saiti, nakuandikia bila hasira.

Kugonga ukuta kunakuambia tofali lina uwazi au halina. Hakukuambii limebeba nini. Nguzo kwenye kona hazitoshi, swali ni kati ya nguzo na nguzo kuna bimu (mhimili) au slabu, yaani hilo dari la zege, imelala moja kwa moja juu ya ukuta. Nyumba nyingi za mitaani zinajengwa hivyo: anaanza na ya chini, hela ikipatikana anamwaga slabu, kuta za chini ndizo zinazobeba.

Sebule ina upana gani, daining upana gani, slabu unene gani?

Mchoraji Kimya:
Sebule 3.6, daining 3.3. Slabu inchi sita, nimepima kwenye ngazi.

Mirunda:
Ukitoa ukuta una karibu mita saba. Slabu ya inchi sita haiendi mita saba bila kitu cha kuishika katikati. Ukitaka pawe wazi kweli, unaweka bimu pale ulipokuwa ukuta, na bimu hiyo inakuja na kina chake, inaning'inia katikati ya ile picha yako ya status. Au bimu ya chuma, naye ana bei yake. Yote hayo anayapiga hesabu mhandisi.

Somo la miundo ulipata ngapi?

Mchoraji Kimya:
Hilo halihusiani.

Dada Kipimo:
Linahusiana.

Mchoraji Kimya:
Nina sapu, mtihani wa kurudia. Ndiyo maana nimesema moyo haupo huko.

Mzee wa Vibali:
Kijana, tuache moyo kidogo. Sheria ya mwaka 2010 ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi imeweka wazi nani anaruhusiwa kufanya kazi hii. Mwanafunzi hajasajiliwa na Bodi, hana muhuri. Kubadilisha jengo kunataka kibali cha halmashauri. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka mtaa wa Indira Gandhi, watu 36 wakafa. Novemba 16, 2024 ikawa Kariakoo, na habari ya kwanza tuliyoisikia ni kwamba watu walikuwa wanachimba chini huku maduka ya juu yanafanya biashara. Huenda nao walikuwa na fundi wa siku nyingi.

Sijazaliwa Jana:
Jamani mnapoteza nguvu. Hii ni chai, habari ya kutunga.

ID hii mwezi uliopita ilikuwa jukwaa la magari inaulizia IST inayokula oili, ikasema "mimi ni mwalimu, nina watoto wawili, sina hela ya mchezo". Leo ni mwanafunzi wa mwaka wa nne. Halafu huyo mhadhiri wa gunia la mchele, mhadhiri gani anatoka sokoni kwa miguu?

Kiroboto:
Chai ina tangawizi kabisa. Na mimi nilishaanza kuwahurumia wapangaji.

Pagale Tangu 2016:
Ila IST kula oili ni kweli, ya shemeji yangu inakula.

Mchoraji Kimya:
ID ni ya kaka yangu, tunatumia wote. Mwalimu ni yeye, na ndiye anayenilipia ada.

Mama Nuru:
Aa! Kwa hiyo mwalimu mwenye watoto wawili na gari bovu ndiye anayekulipia, wewe una sapu unamficha, na sasa unataka kurudi nyuma. Nilijua tu kuna mtu anaumia nyuma ya hii habari.

Sijazaliwa Jana:
Majibu ya haraka haraka hayo. Bado chai.

Mtoto wa Malindi:
Hebu ngojeni jamaa zangu. Wanafunzi wa majengo wa huko bara huletwa Unguja kupima nyumba zetu, twawaona kila mwaka na tepu zao. Kama wewe ni kweli, niambie: kwa nini vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu lakini vyembamba? Jibu la kwako, usiende kutafuta kwenye simu.

Mchoraji Kimya:
Sina haja ya kutafuta. Tulipelekwa mwaka wa pili tukagawiwa nyumba. Yetu kuta zilikuwa nene kupita nusu mita, mawe ya matumbawe na chokaa. Dari ni boriti za mikoko zimelazwa karibu karibu, juu yake mawe na chokaa tena. Mimi nilishika mwanzo wa tepu, mwenzangu anasoma, na kila chumba upana unatoka uleule: mbili na nusu, mbili na themanini, haufiki mbali na tatu. Nikadhani tunakosea kupima. Bibi mwenye nyumba akatucheka, akanyoosha bakora juu, akasema "mkoko umekoma hapo, na chumba kimekoma hapo". Ukitaka ukubwa unaongeza urefu, upana huna ruhusa nao. Na ukipanda juu unakuta ukuta umesimama juu ya ukuta.

Hata vile vidaka wanavyoweka vyombo na Misahafu, unaweza kuvichimba kwa sababu ukuta una unene wa kukuachia. Pale ndipo nilipoanza kupenda mambo ya ndani, kusema kweli. Wenzangu walikuwa wanapiga picha milango ya nakshi, mimi nilikuwa nachora kidaka.

Mtoto wa Malindi:
Huyu kaja, wallahi. Na huyo bibi nadhani namjua.

Niongeze moja. Nyumba hizi wanaoziua ni wenye kuzipiga plasta ya saruji. Chokaa yataka kupumua, saruji yafunga unyevu ndani, ukuta unaoza kimyakimya na rangi mpya juu. Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu hapa Unguja, ilijengwa 1883, ikaporomoka upande Desemba 25, 2020, nayo ilikuwa kwenye matengenezo.

Sijazaliwa Jana:
Sawa, ni mwanafunzi. La IST bado sijaridhika.

Dada Kipimo:
Mleta mada, soma ulichokiandika mwenyewe. Mkoko umekoma hapo na chumba kimekoma hapo. Haya, slabu ya Goba inakoma wapi?

Mchoraji Kimya:
Dada, zege si mkoko. Zege lina nondo.

Mirunda:
Nondo za milimita ngapi, zimepita upande gani, za juu zipo au hazipo? Umeziona? Mchoro unao?

Mchoraji Kimya:
Mchoro hakuna. Walijenga na fundi.

Mirunda:
Fundi huyuhuyu?

Mchoraji Kimya:
Hapana, huyo alishafariki.

Kiroboto:
Mimi sasa nimeacha kucheka.

Dada Kipimo:
Na swali lako la kuhama nalijibu mara moja nisirudie. Ukija huku somo la miundo utalikuta, na wateja wako wote watakuwa kama huyu wa Goba, kila mmoja ana picha kwenye simu na ukuta asioutaka. Kama unahama kwa sababu ya kidaka, njoo. Kama ni kwa sababu ya sapu, kaa hukohuko uifanye.

Mchoraji Kimya:
Nimempigia fundi asije Jumamosi. Amekubali ila amekasirika. Anasema hata hivyo jana alishaanza, ametoa mistari miwili ya juu aone ugumu wake.

Mzee wa Vibali:
Mistari miwili ya juu!

Mirunda:
Hiyo ndiyo inayogusa slabu. Ametoa urefu gani?

Mchoraji Kimya:
Anasema kama mita moja na nusu, katikati.

Mirunda:
Sikiliza. Mpigie mwenye nyumba sasa hivi, usimtumie ujumbe, piga. Wapangaji wa chumba cha juu yake walale kwingine leo. Chini wekeni mirunda, miti ya kushikilia slabu, mbao ndefu juu na mbao chini, mistari miwili, mmoja kila upande wa ukuta, mkaze kwa kabari mpaka iguse kweli. Asigonge mtu kitu chochote. Kesho asubuhi aje mhandisi, mimi naweza kupita ila mwenye nyumba ndiye aniite, si wewe. Na piga picha ya slabu kwa chini, kama kuna ufa uweke alama ya penseli mwisho wake na saa.

Mchoraji Kimya:
Mwenye nyumba nimempata. Ametukana kwanza, sasa anawahamisha. Anauliza na hela yake. Hela nilishalipia ada ya sapu na pango. Mirunda saa hizi napata wapi?

Mama Nuru:
Kaka yako ajulishwe leo, si kesho.

Kiroboto:
Mleta mada, mimi niko Madale, nimemaliza kutoa mbao na miti iliyoshikilia slabu yangu juzi. Mirunda ninayo, futi kumi, imerundikwa nje hapa. Sitanii. Nitumie namba yako inboksi. Kirikuu nishamwita, nauli unalipa wewe.