Tupeane uzoefu: nyumbani kwenu Vita vya Kagera vilizungumzwaje?

Mzawa wa Igogo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Huku Kanda ya Ziwa kila ukoo una mtu aliyevuka Mto Kagera, au unamjua aliyevuka asirudi. Ya vitabuni tulishasoma. Mimi naomba ya sebuleni: nani kwenu alikwenda, na mlipokaa mkayazungumza, mlikuwa mnakubaliana? Maana kwetu haikuwahi kutokea.

Baba alikuwa mfanyakazi wa reli hapa Mwanza, na mgambo wa mtaa. Nilikuwa na miaka tisa. Jioni ya tarehe 2 Novemba 1978 tulijaa uani kwa jirani mwenye redio. Mwalimu Nyerere akasema juu ya Idi Amin wa Uganda, aliyekuwa ametuvamia, yale maneno ambayo hata wajukuu zetu wanayajua: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Wanaume wakashangilia mpaka mbwa wa mtaa mzima wakabweka. Baba akanibeba mabegani, mtoto mkubwa vile. Mama alikuwa pembeni anachambua dagaa kwenye ungo, anatoa vijiwe na konokono. Hakuinua kichwa. Kelele zilipotulia akauliza, "Kwa hiyo unaenda?" Baba akajibu, "Nisipoenda mimi, aende nani?"

Alirudi Agosti 1979. Sikio la kushoto lilikuwa halisikii tena kwa ajili ya mizinga, na ndani ya begi alikuwa na kikombe cha bati, cheupe, ukingo wa bluu, kimebanduka rangi kitakoni. Alikiokota Masaka kwenye nyumba isiyokuwa na paa. Mama alikiosha mara moja, akakiweka juu ya kabati, akasema, "Hiki kina mwenyewe." Hakuna aliyekinywea, hata siku wageni walipozidi vikombe.

Wakabishana miaka thelathini na tano. Mama: "Kumtoa nduli Amin kwenye ardhi yetu nilikubali, ningekwenda hata mimi. Lakini Kampala nani alitutuma?" Baba: "Ungemwacha ng'ambo ya mto, mwaka unaofuata angekuja kunywa chai hapa hapa Mwanza." Na kila tarehe 25 Julai, baba akijiandaa kwenda kwenye Siku ya Mashujaa, anayepiga pasi lile shati ni mama. Mpaka baba anafariki, 2014. Hilo la pasi ndilo limenikaa rohoni, ndiyo sababu ya uzi huu. Karibuni.

Mama Kulwa

Kaka, baba yako alisema wangekuja Mwanza. Walikuja.

Sisi tulikuwa Kirumba. Usiku ni giza, amri. Wenye umeme walifunga balbu kwa karatasi ya kaboni, sisi wa koroboi tukaambiwa tuziweke chini ya meza na kuziba madirisha kwa magunia. Magari yalipakwa rangi taa za mbele, unaona kijicho chembamba tu kinatambaa barabarani. Wazazi walichimba handaki nyuma ya nyumba, lakini Mwanza mnaijua, ukichimba futi mbili umekutana na jiwe. Handaki letu lilikuwa la kukaa, siyo la kusimama.

Mwishoni mwa Machi 1979 ikaja ndege. Mlio wake haukuwa wa ndege tulizozizoea. Baadaye tukaambiwa ni ya Libya, Gaddafi kamtumia rafiki yake, na walikuwa wanayatafuta matangi ya mafuta. Wakayakosa. Bomu likaangukia hifadhi ya Saa Nane, likaua swala. Watu wanapenda kulisimulia hilo wakicheka. Mimi siwezi. Bibi yangu alikaa kwenye mkeka akalia kwa ajili ya wale swala kama waliofiwa, akawa anasema, "Hawa nao wamemkosea nani?" Nilikuwa darasa la nne. Libya hatupakani nayo, sikuijua hata kwenye ramani, na ilitaka kuniua nikiwa Kirumba. Tangu siku ile sijawahi kuona aibu kwamba tulifika Kampala.

Mwana wa Missenyi

Namuunga mkono Mama Kulwa, na mniwie radhi nikiongea kwa ukali. Hili swali la "Kampala tulifuata nini" nimelisikia Mwanza miaka yote niliyoishi hapa. Kijijini kwetu sijalisikia hata siku moja.

Amin alitangaza tarehe 1 Novemba 1978 kwamba ardhi yote ya kaskazini ya Mto Kagera ni ya Uganda. Kilometa za mraba kama 1,800. Ile si namba, ile ni migomba ya babu yangu. Askari wake walichukua ng'ombe, mabati, vitanda, milango. Kiwanda cha sukari wakakikomba. Daraja la Kyaka wakalivunja ili jeshi letu lisivuke, na waliobaki upande ule wakabaki. Babu alikuwa mmoja wao. Alikataa kuuacha mji wake, akamwambia baba awapitishe watoto yeye atafuata. Hatukuzika mwili.

Mama alitembea na sisi watatu siku mbili, ananyonyesha njiani. Tulipopokelewa Bukoba, mtu mmoja wa ofisini, simtaji, akatuuliza vitambulisho kuhakikisha sisi si Waganda. Tumefukuzwa na Amin kwa kuwa Watanzania, tunafika kwetu tunaulizwa kama ni Watanzania. Mama aliyasimulia hayo mpaka uzeeni.

Ukipita Kyaka, magofu ya kanisa bado yamesimama. Mtu akiniuliza kama vita vilikuwa vya haki, namwambia akaone, kisha tuongee.

Mwalimu Mstaafu Nyegezi

Ndugu wa Missenyi, pole kwa babu. Sina neno juu ya Kagera. Neno langu ni juu ya yaliyofuata, na nilichapwa kwa ajili yake.

Mwaka 1980 nilikuwa kidato cha pili. Kipindi cha siasa mwalimu anaeleza ushindi, mimi nikanyosha mkono: kama tulikwenda kumtoa Amin tu, mbona Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, amerudi? Mei ile alikuwa amesharejea Uganda baada ya kukaa kwetu tangu 1971. Tena nikataja kwamba watu wake walishawahi kuvamia kutokea Tanzania mwaka 1972 wakashindwa, na ndiyo yakaja makubaliano ya Mogadishu, ya sisi na Uganda kuacha kushambuliana. Baba alikuwa anasikiliza redio za nje, nilikuwa nayajua. Viboko sita, na barua nyumbani: mtoto wenu anaongea lugha ya adui.

Afrika yenyewe iligawanyika, vijana msidhani tulishangiliwa na wote. Msumbiji walituletea askari. Lakini Julai 1979, kwenye mkutano wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kule Monrovia, Rais Nimeiry wa Sudan alitushambulia waziwazi kwamba tumevunja mkataba wa kutoingilia mambo ya nchi nyingine, na Nigeria nao wakatulaumu. Mwalimu aliumia kwa sababu Amin alipovamia, OAU haikumlaani. Hapo nakubaliana na Mwalimu kabisa. Ila hoja ya kuivamia nchi mpaka ikulu yake ilikuwa hoja halali kuulizwa, na Uganda ilibadilisha marais wawili ndani ya mwaka mmoja, Lule na Binaisa, askari wetu wakiwa mle mle, kisha uchaguzi wa Desemba 1980 wenye kelele, kisha vita vya msituni. Nilifundisha historia miaka thelathini. Hakuna mwanafunzi niliyemchapa kwa swali hilo.

Na wimbo wa taifa nauimba nikiwa nimesimama wima, hata nikiwa peke yangu na redio.

Ng'wana Magu

Nawasalimu. Kwetu hatukutoa mtu, tulitoa ng'ombe. Babu alitoa madume mawili kwa hiari yake, akakataa hata kuandikiwa risiti, anasema mtu haandikiwi deni na mama yake.

Ubishi ulikuja baadaye. Tuliambiwa tufunge mikanda miezi kumi na minane. Tulifunga, miezi ikaisha, mikanda ikabaki pale pale. Nakumbuka mama akikata mche wa sabuni kwa uzi ili vipande vilingane, kimoja wiki moja. Sukari ilikuwa ya mgonjwa. Vita pekee havikuleta njaa ile, mafuta yalikuwa yamepanda dunia nzima na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishavunjika 1977, lakini vita vilikula dola milioni mia tano hivi, hela ambayo nchi haikuwa nayo.

Halafu bunduki. Zile za vita zilitawanyika, wezi wa mifugo waliokuwa wanakuja na mishale wakaja na risasi. Babu aliibiwa ng'ombe kumi na saba usiku mmoja mwaka 1981. Kumi na saba! Aliyetoa mawili kwa nchi. Ndipo Wasukuma wakaamua kujilinda wenyewe, likazaliwa Sungusungu, yowe likilia kijiji kinatoka. Nilimuuliza babu kama anajutia yale madume. Alinitazama sana. Akasema, "Yale nilimpa Nyerere kwa mkono wangu. Haya yamechukuliwa. Usichanganye."

Dogo wa Mwaloni

Mimi wa 1996, nauza dagaa na sangara, wateja wangu wengi Waganda. Hawa jamaa wakijua wewe Mtanzania, wazee wao wanakupa heshima, vijana hawajui lolote. Nasoma tu wakuu, endeleeni.

Mkerewe Mmoja

Kaka yangu mkubwa amelala Kaboya, kule Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa. Zaidi ya mia sita wamelala pale, mistari imenyooka kama gwaride. Mama tulimpeleka mara moja tu. Aligusa lile jina kwa kidole, herufi moja moja, maana hakujua kusoma, akataka tumhakikishie kwamba ndilo. Tukiwa kwenye meli tunarudi Mwanza akasema, "Wamemtunza vizuri." Hakuongeza. Sisi watoto wake wengine ndio tunaobishana kuhusu Kampala. Yeye hakuwahi.

Binti wa Jajja

Nimesoma tangu juu, nilikuwa nasita. Mama yangu ni Mganda wa Masaka. Aliolewa na askari wa Tanzania, anaishi Igoma hapa, ana wajukuu wanaomwita jajja.

Februari 1979 jeshi letu lilipoingia Masaka watu walitoka na matoke, na pombe. Waliwaita *bakombozi*, yaani wakombozi. Kaka yake mama alishachukuliwa na watu wa Amin mwaka 1977, hakuonekana tena, kwa hiyo wao walipiga vigelegele vya kweli. Kisha mji ukabomolewa, majengo yakalipuliwa kulipia yale ya Kagera. Duka la babu lilikuwa mojawapo. Mama anayasema yote mawili kwa pumzi moja, vigelegele na duka, na ukimkatiza katikati anaanza upya.

Mwana wa Missenyi, nakusikia, kwenu walianza wao. Lakini duka la babu halikuvuka mto.

Mzawa wa Igogo, kile kikombe bado kipo?

Mwana wa Missenyi

Dada, hapana, halikuvuka. Msalimie mama.

Mzawa wa Igogo (mwanzisha uzi)

Wakuu, samahani kwa kupotea wiki nzima. Kikombe kilikuwa kwa mdogo wangu Butimba, anawekea misumari. Nilikitoa, nikakisugua kwa majivu, Jumamosi nikakipeleka Igoma kwa mama yake Binti wa Jajja.

Yule mama alikigeuza, akaangalia kitako, akasema vya namna hiyo vilijaa Masaka nzima, viliuzwa kwenye maduka ya Wahindi kabla Amin hajawafukuza. Kwao vilikuwa sita. Hawezi kujua hiki ni cha nani. Akamwita mjukuu, akamwambia alete chai, akamimina humo, akanywa taratibu huku ananiuliza habari za baba: alikuwa kikosi gani, alipenda kula nini, sikio lilimsumbua mpaka mwisho? Nilijibu ninachojua. Alipomaliza alikisuuza, akakipanga na vikombe vyake vingine. Sikukiomba.

Mama yangu ana miaka sabini na saba sasa, yuko Igogo pale pale. Sijamwambia bado. Nitamwambia Jumapili tukitoka kanisani.