Naomba ushauri: pampu ya kuzungusha maji ya kupasha nyumba joto

Wakuu habari zenu. Niko Minnesota, baridi inakuja. Boila langu la kuni liko nje, mita 30 toka nyumbani. Maji yake yanapita kwenye kibadilisha joto cha mabamba (joto linavuka, maji hayachanganyiki), upande wa pili unalisha rejeta, yaani vipasha joto vya vyumba, za ndani. Nimepiga hesabu: kilowati 15, maji yakipoa nyuzi 10, nahitaji kama lita 21.5 kwa dakika. Hapo sina shida. Kinachonitatiza ni ukinzani ambao pampu lazima iushinde ili maji yapite: mita 60 za bomba la inchi moja (kwenda na kurudi), viwiko, na hayo mabamba yaliyobanana kama kurasa za msahafu. Fundi kasema "chukua pampu kubwa tu", ila ya jirani inavuma usiku kucha. Ukinzani wa mabamba mnaukadiriaje? Na pampu ya upande wa rejeta ilingane na ya upande wa boila?